Niliogopa Antena, Nikaogopa na Mionzi

Wapendwa, kabla sijaanza, wale walio kwenye viti vya nyuma wasogee mbele. Sina aibu kuwaomba hivyo. Sauti mnayoisikia ndiyo yote niliyo nayo, haipandi zaidi ya hapa, na lori likipita nje tutangoja lipite kwanza. Asanteni. Mama, njoo huku, iko nafasi.

Wengi wenu mnanijua, hata kama hamkuwahi kuniona uso kwa uso. Kwa miaka mingi ni mimi niliyekuwa nikipita na megafoni katika mitaa ya Uvira, kuanzia Kavimvira hadi Kalundu. Mtoto akipotea, nilitangaza. Chanjo ikifika, nilitangaza. Kipindupindu kikianza, nilizunguka mtaa kwa mtaa nikisema watu wachemshe maji. Mto Mulongwe ulipofurika, nilipiga kelele mpaka betri ya megafoni ikaisha, nikaendelea na koo tupu. Jumapili nilikuwa naongoza korali ya parokia. Sisemi haya ili nijisifu. Ninataka mjue kwamba sauti ndiyo ilikuwa kazi yangu, na heshima yangu ilikuwa humo.

Ilianza kama mafua. Nilikauka sauti, nikadhani ni vumbi. Mke wangu akanipa asali na ndimu. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikaenda kwenye kituo cha afya, na muuguzi, mama mpole sana, akaniambia hivi: "Baba, sauti ikikauka zaidi ya wiki tatu na huna kikohozi wala homa, lazima dokta aangalie ndani. Nakuandikia karatasi, uende."

Akaniandikia. Ndugu zangu, ile karatasi niliikunja, nikaiweka ndani ya kitabu cha nyimbo, na sikuitoa kwa miezi mitano.

Kwa nini? Niliogopa, basi. Niliogopa neno ambalo muuguzi hakulitamka. Na kulikuwa na jambo lingine ambalo hakuna aliyelijua katika korali, isipokuwa mke wangu: nilikuwa navuta sigara. Tangu nilipokuwa kijana natengeneza nyavu kule Kalundu, nilivuta. Nilikuwa navuta nyuma ya choo, halafu natafuna jani la mpera ili nisinuke. Nilijua kabisa dokta ataniuliza swali gani. Sikutaka kuulizwa.

Sasa, nyuma ya nyumba yetu, kwenye mteremko, kuna antena ya simu. Mnaijua, ile ndefu yenye taa nyekundu. Ilikuwapo miaka mingi, na sisi tulikuwa tunaifurahia kwa sababu ya reso nzuri, yaani mtandao wa simu. Lakini wakati sauti yangu ilipozidi kukauka, sauti iliyorekodiwa ya muntu nisiyemjua ikazunguka katika simu za watu, ikisema antena zinatoa mawimbi yanayoingia kooni na kuleta saratani. Niliisikiliza mara moja. Niliisikiliza mara kumi. Kila mara moyo ulinipiga zaidi, na kila mara nilipata nafuu ya ajabu, kwa maana sasa nilikuwa na wa kumlaumu. Antena haikuniuliza kama ninavuta.

Kutoka hapo nikawa muntu wa hofu. Nikikaa uani nilihisi shingo inawaka upande ule wa antena. Simu ikilia naitupa juu ya kitanda. Nilihamisha kitanda chetu kwenye chumba cha watoto, na watoto nikawapeleka kwenye chumba chetu. Fikirini! Kama kweli nilikuwa naamini kule kuna sumu, niliwalaza watoto wangu humo. Ni mke wangu aliyenionyesha hilo.

Ndipo akatokea bwana mmoja na kompyuta ndogo. Alikuwa anapokea watu katika nyumba ya kukodi karibu na soko. Unashika chuma mkononi, waya unakwenda kwenye kompyuta, rangi zinacheza, halafu anakusomea magonjwa yako yote. Alinitazama kwa huruma.

"Mzee," akasema, "mawimbi ya antena yamejaa hapa shingoni. Ungechelewa mwezi moja, ingekuwa imekwisha."

"Kuna dawa?" nikamuuliza. Tayari nilikuwa nanong'ona.

"Dawa ya hospitali itaharibu. Mawimbi yanatolewa na sumaku. Sumaku inavuta."

Akanifunga shingoni mkanda mweusi ulioshonewa vipande vya sumaku. Akasema nisiuvue hata nikioga. Niliuvaa. Niliuvaa kanisani chini ya kola ya shati, na jasho likanitoa vipele. Kila asubuhi nilijaribu kutamka jina langu ili nione kama sauti inarudi. Kila asubuhi ilikuwa chini kidogo kuliko jana.

Sasa nafika mahali penye aibu. Siku moja, kwa sauti ile ile iliyobaki, nikachukua megafoni. Nilipita mtaani kwetu nikasema antena inatuua, nikasema mimi mwenyewe ni ushahidi, nisikilizeni ninavyoongea. Watu waliniamini. Kwa nini wasiniamini? Nilikuwa nimewaambia ukweli miaka yote ile. Watu kama hamsini wakapanda mteremko pamoja nami. Pale kwenye uzio alikuwapo mlinzi, baba mmoja aliyetoka Runingu, mkulima tu aliyepata kazi ya kulinda. Akainua mikono.

"Jamani, minye siko na makosa! Minye nalinda tu!" alisema.

Sijui nani alirusha jiwe la kwanza. Sikurusha mimi, lakini ni mimi niliyewaleta. Jiwe moja lilimpasua juu ya jicho. Nikamwona ameketi chini, damu inapita kati ya vidole, na nikataka kusema "acheni." Nikaweka megafoni mdomoni. Ndugu zangu, nawaambia, hakuna kilichotoka. Pumzi tu. Megafoni ikakuza pumzi yangu, ikasikika kama upepo. Watu walitulia wenyewe walipoona damu, wakatawanyika. Wawili wakamshika yule baba wakampeleka kushonwa. Mimi nilirudi nyumbani nikajifungia.

Wiki ile ile nikatema damu asubuhi, ndani ya beseni, mbele ya mke wangu. Hakulia. Alikwenda moja kwa moja kwenye kitabu cha nyimbo, akatoa karatasi ya muuguzi. Alikuwa anajua ilipo siku zote. Halafu akachukua mkasi, akakata ule mkanda wa sumaku shingoni mwangu.

"Kesho tunapanda hospitali ya Lemera," akasema. "Kama hautaki kutembea, nitakubeba kama mutoto."

Tulipanda. Kutoka uwandani kwenda Lemera barabara ni ya mawe, na kila pikipiki iliporuka nilimeza mate, na kumeza kuliniuma mpaka sikioni. Dokta wa kule alikuwa mwanamume mnyamavu. Akaniuliza lile swali, mbele ya mke wangu, nami nikajibu ukweli: tangu kijana, kila siku. Akaandika bila kunikemea. Nikamwandikia kwenye daftari, kwa kuwa sauti ilikuwa imechoka: NI ANTENA?

Akalisoma.

"Sikiliza, baba. Wenye elimu wanaendelea kuchunguza mawimbi ya simu, sitakudanganya kwamba wamemaliza. Lakini kwa yale wanayoyajua leo, mawimbi ya antena ni dhaifu, hayana nguvu ya kuvunja kitu ndani ya mwili. Moshi wa tumbaku hatuuchunguzi tena. Huo tunaujua. Na sumaku haivuti uvimbe."

Nilitaka kumchukia lakini nguvu ya kumchukia sikuwa nayo.

Kule hawakuwa na kifaa cha kunitazama vizuri, kwa hiyo wakanituma Bukavu. Wakapitisha mrija wenye taa puani mpaka kooni, wakakata kipande kidogo, tukangoja majibu. Siku zile za kungoja sitaki kuzieleza. Wengi wenu mlio hapa mmeugua kama mimi, mmezipita, mnazijua. Majibu yakaja: saratani ya nyuzi za sauti. Dokta wa pale akasema ingawa nimechelewa, bado haijatoka nje ya koo. Inaweza kutibiwa kwa mionzi, na huenda sauti ikabaki kiasi. Lakini mashini ya mionzi hawana, lazima tuvuke mpaka, twende Kigali.

Nikamuuliza, mionzi ni nini hasa? Akasema, kwa upole kabisa, bila kujua anachonifanyia: "Ni mawimbi. Ni ukoo mmoja na mwanga na mawimbi ya redio, isipokuwa haya yana nguvu nyingi sana."

Mawimbi! Mnaelewa? Miezi na miezi nimekimbia mawimbi. Nimehamisha kitanda. Nimemwaga damu ya muntu kwa ajili ya mawimbi. Na sasa wanataka kunifungia katika chumba na kunipiga nayo, yenye nguvu kuliko ya antena, shingoni hapa hapa.

Tukaenda hata hivyo. Ndugu wa mke wangu walio Rurambo walituwezesha, na Mungu awakumbuke. Hospitali ya Kigali ilikuwa kubwa na safi, na fundi wa mionzi alikuwa mama mmoja anayeongea Kiswahili vizuri. Siku ya kwanza hawakunichoma. Walinitengenezea kinyago. Walichukua plastiki nyeupe yenye matundu, wakaitia katika maji ya moto ikalegea kama kitambaa, wakanilaza chali, wakanifunika nayo kuanzia kipaji cha uso hadi mabegani. Ikapoa, ikakauka, ikawa sura yangu. Pua yangu, kidevu changu, shingo yangu. Nilipoinuka nikaiona imewekwa juu ya meza, nikahisi nimetazama maiti yangu.

Siku ya pili ndiyo ilikuwa ya kuanza. Nililala, kinyago kikashuka, wakakifunga pande zote kwenye kitanda. Ta, ta, ta, ta. Huwezi kugeuza kichwa. Huwezi kufungua mdomo. Yule fundi akasema kutoka karibu na sikio langu, "Baba, sisi tunatoka, lakini tunakuona kwenye kioo. Ukishindwa, inua mkono." Nikasikia hatua zao zinakwenda mbio kidogo. Halafu mlango. Mlango ule ni mnene, unafunga taratibu, kama unafikiria.

Nikajiuliza: kama ni dawa, kwa nini wao wanakimbia?

Kichwa cha mashini kikaanza kuzunguka. Kikatoa mlio kama nyuki walio ndani ya debe. Sikuhisi maumivu yoyote, hata joto, na hilo lilinitisha kuliko kama ingeuma. Nikainua mkono. Nikainua na wa pili. Nikapiga kitanda kwa visigino. Mashini ikanyamaza, mlango ukafunguka, wakanifungua, na mimi, muntu wa miaka hamsini na miwili, nikatoka nje bila viatu na shati mkononi.

Mke wangu alikuwa amekwenda kuchota maji ya moto. Sikumngojea. Nikatembea mpaka kituo cha mabasi, na njiani nikanunua kandambili. Nilikuwa nimeamua: nife kwetu, mbele ya ziwa, nikiwa na kichwa kisichofungwa.

Kwenye dirisha la tiketi kulikuwa na kijumba cha mbao na mwanamume ndani. Akaniuliza, "Unaenda wapi?"

Nikafungua mdomo niseme Uvira.

Haikutoka. Nikavuta pumzi, nikajaribu tena. Watu nyuma yangu walikuwa wanasukuma. Yule bwana akainama karibu na dirisha, "Wapi? Sema!" Nikasukuma kwa tumbo, kama tunavyofundishana kwenye korali, na ikatoka pumzi tu, na mate kidogo. Akadhani nimelewa. Akaniashiria nipishe wengine.

Ndugu zangu, nilisimama pembeni ya kile kijumba. Jina la mji ambalo nimelitangaza maisha yangu yote, silabi tatu tu, sikuweza kulisema kwa muntu aliye mbele yangu hatua moja. Pale ndipo nilipoelewa. Hofu ilikuwa imeniambia kwamba kule hospitali ndiko kuna kifo na nyumbani ndiko kuna usalama. Na kifo kilikuwa kooni mwangu, nimekibeba mwenyewe, nilikuwa nakikatia tiketi turudi nacho nyumbani.

Nikarudi kwa miguu. Sikurudi kwa ujasiri, msinielewe vibaya. Mke wangu alikuwa ameketi kwenye benchi la nje, na yule fundi ameketi karibu naye, amemshika mkono. Mke wangu akanitazama kuanzia kandambili hadi kichwani.

"Weye ulikimbia muuguzi," akasema. "Ukakimbia karatasi. Ukakimbia antena. Leo umekimbia mashini. Sasa iko nani amebaki wa kukimbia? Ni minye?"

Nikatikisa kichwa.

Nikaomba daftari. Nikamwandikia fundi lile swali: KWA NINI NYINYI MNATOKA?

Hakucheka. Akasema, "Baba, weye unapata mionzi dakika chache, kwa wiki kadhaa, mahali padogo tulipopima, kwa sababu unaumwa. Mimi niko hapa kila siku, mwaka hadi mwaka, na siumwi. Ningebaki ndani ningeipata bure, na ingeniharibu. Mionzi hii ina nguvu ya kuvunja chembe za mwili. Chembe za saratani zikivunjika hazijui kujitengeneza vizuri. Zile nzima zinaumia pia, lakini nyingi zinapona. Ndiyo maana tunagawa kidogo kidogo. Na ndiyo maana ya kinyago: ukisogea, tutapiga mahali ambapo si penyewe."

Huyo ndiye muntu wa kwanza aliyeniambia kwamba nina haki ya kuogopa, na akanieleza cha kuogopa ni kipi.

Kesho yake nilirudi kitandani. Nilifumba macho kabla kinyago hakijashuka, nikaimba kimya kimya, kifuani tu. Beti tatu za wimbo na mashini ilikuwa imemaliza. Hivyo siku tano kwa wiki, kwa wiki saba. Msidhani ilikuwa rahisi. Wiki ya tatu kumeza mate kulikuwa kama kumeza kiberiti kinachowaka. Ngozi ya shingo ikawa nyeusi, ikachubuka. Mke wangu alinipikia uji mwembamba, akaupoza, akanihesabia vijiko. Na siku moja, nikiwa nimefungwa katika kinyago, umeme ukakatika. Giza. Mlio ukafa. Nikabaki nimebanwa, sioni, sijui kama ile mionzi inaendelea kunichoma bila mtu wa kuizima. Kisha nikasikia hatua, na ile sauti ya mama karibu na sikio: "Ni mimi, baba. Mashini ikikosa umeme inalala, haitoi kitu. Ingekuwa inatoa, ungeona mimi naingia?" Akanifungua gizani kwa vidole, akanisaidia kuketi. Siku ile nililia. Tukangoja mpaka umeme ukarudi, nikalala tena mwenyewe.

Nilirudi Uvira mwembamba, na nong'ono. Baada ya miezi, nong'ono likapata mgongo, likawa hii mnayoisikia. Wamenitazama kooni mara nne mpaka sasa, hawajaona kitu. Sivuti tena. Nilipanda mteremko kwenda kwa yule mlinzi, nikamwomba msamaha. Ana kovu juu ya jicho. Akaniambia, "Nimesamehe, lakini enda kule kwenye mtaa uwaambie walioniona nikipigwa kwamba ulikosea." Nikaenda, nyumba kwa nyumba, ikanichukua siku tatu kwa sauti hii. Yule bwana wa kompyuta alikuwa amekwisha kuhama.

Namshukuru muuguzi aliyeandika ile karatasi. Nawashukuru madokta wote na yule mama fundi. Nawashukuru ndugu wa Rurambo, na korali iliyonivumilia nilipokuwa siwezi hata kuitikia amina. Mke wangu simshukuru hapa, maana nikianza nitashindwa kumaliza.

Na kwa nyinyi mliokuja leo kwa mara ya kwanza, ninaona vile mnavyokaa mmeshikilia mikoba. Sitawaambia msiogope. Mimi mwezi ujao narudi kuangaliwa, na tayari silali vizuri. Nitakachosema ni hiki: hofu itakupa mtu wa kulaumu na itakupa dawa isiyouma. Itakupa pia sababu nzuri ya kungoja wiki nyingine. Usichukue ushauri wake. Kama sauti imekauka wiki tatu, kama kuna uvimbe usiouelewa, kama damu inatoka mahali isipopaswa, nenda uangaliwe, ukitetemeka hivyo hivyo. Na kama huwezi kwenda peke yako, mimi sina dawa, lakini nina miguu na nina siku nzima ya Jumanne. Njoo unishike mkono baada ya mkutano, huna haja ya kunieleza kitu. Tutakwenda wawili, na nitakaa nje ya mlango mpaka utoke.